Kabla ya hoteli za Wazungu, msafiri hakulala juu ya mti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu mnazikata. Hii ukilazimika kuikata, kata nilipoongelea magari ya farasi, usiguse nilipoongelea vitabu.

Jumapili mbili zilizopita mlichapisha makala kuhusu hoteli kongwe za Arusha na Kilimanjaro. Mjukuu wangu alinisomea, maana miwani yangu imevunjika, nami nilimsikiliza huku nachambua mchele. Picha zilikuwa nzuri. Mlitukumbusha ile hoteli ya Arusha karibu na Mnara wa Saa, iliyokuwa na bango la kujisifu kwamba pale ndipo katikati kabisa ya safari ya kutoka Cape hadi Cairo. Mkapanda hadi Marangu, mkapanda tena hadi vibanda vya mlimani ambavyo zamani viliitwa Bismarck na Peters na leo vinaitwa Mandara na Horombo. Yote sawa. Halafu mjukuu akafika kwenye sentensi moja, nikauacha mchele, nikamwambia hebu rudia. Mwandishi wenu anasema kabla ya hoteli hizo hapakuwa na mahali pa msafiri kujilaza katika nchi hii ya Kaskazini.

Mimi, Mhariri, nimezaliwa mahali pa msafiri kujilaza. Mama yangu alinizaa mwaka 1950 katika chumba cha uani cha nyumba ya wageni, Majengo, hapa Moshi, na abiria watatu wa kwenda Tanga siku hiyo walisubiri chai yao mpaka saa nne asubuhi. Walilalamika, wakaambiwa mwenye nyumba ana uchungu, wakanyamaza. Mmoja akachangia khanga.

Nianze na misafara, kwa kuwa huko ndiko makala yenu ilikoruka. Watu wa Pwani walikuwa wakipanda huku kutoka Pangani na Mombasa kufuata pembe za ndovu miaka mingi kabla bendera ya Mjerumani haijasimamishwa popote. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya hizo akabeba mkeka wake na chungu chake. Mtu aliyebeba hivyo tangu alfajiri anajua vizuri sana atalala wapi. Kiswahili chenyewe kinashuhudia. Kuna kupiga rago, yaani kutua mizigo na kulala njiani. Kuna posho, ambayo siku hizi ni hela ya kukaa kwenye semina, lakini wakati ule ilikuwa kibaba cha nafaka cha kula siku moja. Kuna mnyapara, aliyesimamia nani kapata posho na nani kaitupa mizigo porini. Maneno haya hayakuzaliwa hewani.

Taveta ilikuwa rago kubwa, imejificha ndani ya msitu, na misafara ilikaa pale hata majuma kadhaa ikipumzika na kununua vyakula kabla ya kuingia Umasaini. Kahe na Arusha Chini zilifanya kazi hiyo hiyo kwa waliopanda kufuata mto kutoka Pangani. Ukifika Old Moshi ulikuwa na Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga, ambaye ndiye huyo Mandara wa kibanda cha mlimani, na ulikuwa na hongo ya kutoa, yaani ushuru wa kupita, kabla hujafikiria kulala. Hata Rebmann, yule mmisionari wa Kijerumani, ambaye kila mtoto wa shule anafundishwa kwamba aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848, hakuwa akitangatanga kama kuku aliyekatwa kichwa. Alikuwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara, aliyezijua njia za Uchagani na wenyeji wake. Mahali pa kulala palikuwapo. Ila hapakuwa na shuka nyeupe.

Sasa babu. Babu mzaa mama alikuwa Mgweno, na alishuka milimani akiwa kijana mdogo wakati wa Mjerumani, akaajiriwa na Kaburu mmoja kushika kamba ya mbele ya gari la maksai. Makaburu, wale Wazungu wa Afrika Kusini, walikuja huku kama mwaka 1905, baada ya kushindwa na Mwingereza kule kwao, wakapewa ardhi upande wa Meru. Walikuja na magari yao marefu yenye turubai la mviringo. Kazi ya babu ilikuwa kutembea mbele ya ng'ombe wa kwanza wawili, kamba mkononi, miguu peku, kutoka Moshi hadi Arusha. Ni kilomita 80 hivi. Siku hizi kijana anaimaliza kwa basi kabla hajamaliza soda. Babu alisema kiangazi ni siku nne, na masika usihesabu siku, hesabu mito.

Alitutajia mito hiyo kama tasbihi: Weruweru, Kikafu, Sanya, Usa, Tengeru, Nduruma. Kikafu ndiyo ilimtoa jasho. Korongo lile hata leo ukipita na gari unaliona lilivyozama. Babu alisema walikuwa wakifika ukingoni wanasubiri gari la pili, halafu wanafungua ng'ombe wa gari la nyuma na kuwafunga pamoja na wa mbele ili wavute gari moja kupandisha upande wa pili, kisha wanarudi kulichukua la nyuma. Wakati wa kuteremka walifunga gogo nyuma ya gari ili lisiwakimbilie ng'ombe. Alikuwa na kovu juu ya kisigino, kama sarafu ya senti kumi, lenye kingo zilizoinuka. Gurudumu lilimpitia pembeni tu. Lingempitia katikati nisingekuwa naandika barua hii.

Na walilala wapi? Alisema anayechagua pa kulala si Kaburu, ni ng'ombe. Ng'ombe lazima afunguliwe, ale majani, anywe maji, acheue. Kwa hiyo kila penye maji na majani pakawa kambi, penye kambi akaja mama wa kuuza ndizi za kuchoma na maziwa, na penye mama wa ndizi pakasimama kibanda. Tazama majina ya njia ile. Maji ya Chai ni mto wenye rangi ya chai, na Boma Ng'ombe sina haja ya kueleza. Wasafiri wa mabasi leo wanashuka kununua nyama choma palepale ambapo ng'ombe walikuwa wakicheua.

Hapa ndipo nilipoahidi magari ya farasi, na anayetaka kukata akate. Mwaka 1994 alikuja kwetu mwalimu mstaafu kutoka jimbo la Massachusetts, Marekani, mzee mrefu wa kuinama mlangoni. Alikuwa ametoka kuupanda mlima, lakini mzigo wake ulipotea njiani, na hoteli aliyolipia ilikuwa imejaa. Akaletwa kwangu na dereva teksi kwa usiku mmoja. Alikaa siku tisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini mdogo wangu alikuwa akitafsiri, na jioni tulikaa uani akatusimulia nyumba za wageni za kwao za enzi walizokuwa bado koloni la Uingereza.

Alisema kwao, katika mji wa Sudbury, ipo nyumba iliyoanza kupokea wageni mwaka 1716 na bado inapokea. Alisema baraza la koloni la Massachusetts liliweka sheria mwaka 1656 kwamba mji usio na nyumba ya wageni utatozwa faini. Nilimwambia mdogo wangu amuulize mara mbili, maana mimi maisha yangu yote nimeona faini wanatozwa wenye gesti, sijasikia anayetozwa kwa kutokuwa nayo. Alisema hata bei ya mlo ilipangwa na sheria, isizidi peni sita za wakati ule, ili mwenye nyumba asimkamue mpita njia. Nje walitundika ubao wenye picha, farasi au simba au jogoo, kwa kuwa abiria wengi hawakujua kusoma. Ndani ya nyumba hizo walifanya mikutano, kesi, minada, na barua za posta zilisubiri wenyewe pale pale. Hata George Washington, vita vilipokwisha, aliwaaga maafisa wake Desemba 1783 ndani ya nyumba ya aina hiyo mjini New York.

Akasema pia, huku akicheka, kwamba ukichelewa kufika unaingizwa kitanda kimoja na mtu usiyemjua, na ukikataa unaonekana una maringo. Hapo mimi na mdogo wangu tulitazamana. Mama yangu alikuwa na bei ya kitanda na bei ya nusu kitanda. Usiku wa kuamkia gulio kubwa, nusu kitanda ndiyo ilikuwa ikiisha kwanza.

Magari yao ya abiria yalivutwa na farasi wanne au sita, na kila baada ya kilomita 20 hivi yalisimama kubadilisha farasi. Ndipo nyumba za wageni zilipojipanga barabarani kama shanga. Nikamuuliza kwa nini Mjerumani hakuyaleta huku. Hakujua. Lakini babu alilijua jibu, nalo ni dogo kuliko kidole: mbung'o. Mbung'o anamuua farasi kwa nagana, na nyika nyingi za nchi hii zilikuwa za mbung'o. Wajerumani walihangaika hadi wakajaribu kufuga punda milia huku chini ya Kilimanjaro, wakitumaini mnyama wa porini atahimili ugonjwa na atavuta gari. Punda milia ana hasira zake na mgongo wake haupendi mzigo. Ikashindikana. Basi gari la abiria la farasi halikutufikia, tukaruka kutoka kichwa cha mpagazi na shingo ya maksai moja kwa moja hadi reli na lori.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita kama 350. Babu alipenda kusema hata maksai wake wangekuwa wameshafika na kurudi. Lakini ilipofika iliuhamisha mji. Boma la Mjerumani lilikuwa juu, Old Moshi, mahali walipomnyongea Mangi Meli mwaka 1900. Stesheni ikajengwa chini tambarare, na mji ukashuka kuifuata. Halafu reli ikakaa hapo hapo. Haikufika Arusha mpaka 1929. Miaka mingine 18 Moshi ilikuwa mwisho wa reli, na hili ndilo jambo ambalo makala yenu ingelisema, ingeeleza mengi. Treni ikifika mwisho, watu wote wanashuka. Anayekwenda Arusha hana gari mpaka kesho au keshokutwa. Anayetoka Arusha kuiwahi treni amefika mapema kwa kuogopa kuikosa. Hao wote usiku wanataka paa. Majengo ilijaa nyumba za kupangisha mikeka kwa sababu hiyo, na bibi yangu alikuwa na mikeka sita.

Mzungu wa daraja la kwanza alikuwa na hoteli yake, na Mwafrika hakuingia humo ila kwa mlango wa jikoni. Mhindi alilala kwa jamaa zake au kwenye nyumba ya jumuiya yake. Wa daraja la tatu alikuwa wetu. Alikuwa karani, fundi cherehani, mke anayemfuata mume, mwalimu aliyehamishwa, mganga na mkoba wake ambao hakuna aliyethubutu kuusogeza. Walikuwepo pia manamba waliotoroka mashamba ya mkonge, na hao waliingia baada ya Isha na kuondoka kabla ya Alfajiri. Bibi hakuwauliza kitu. Aliwapa mkeka wa karibu na mlango wa uani.

Kuna jambo moja mzee wa Massachusetts hakulielewa, na mimi nilichelewa kuelewa kwa nini halielewi. Kwao nyumba ya kulala na nyumba ya kunywea ilikuwa moja. Kwetu zilikuwa mbili. Sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika pombe kali ya chupa kwa muda mrefu, hivyo wiski ilikaa kaunta ya hoteli ya Mzungu, na sisi tulikuwa na mbege. Mbege haisafiri. Ndizi zimechemshwa, ulezi umeoteshwa na kusagwa, gome la mti wa msesewe limetiwa kwa uchungu wake, na ikishaiva ina siku moja mbili tu kabla haijawa siki. Kwa hiyo ilikuwa na nyumba yake, na mama wa Kichaga jirani yetu ndiye aliyeshika kata. Mama yangu, swala tano, hakuruhusu mbege ivuke kizingiti, lakini aliyekwisha kunywa hakumfungia mlango. Alimpa mkeka wa peke yake na ndoo. Neno hoteli nalo kwetu halikuwa na kitanda ndani yake: hoteli ni chai, chapati na maharage. Ukitaka kulala unauliza gesti. Nafikiri hapo ndipo mwandishi wenu alipopotea. Alitafuta hoteli kwenye karatasi za Wazungu akazikuta chache, kumbe alitakiwa aulize gesti.

Nimefika kwenye vitabu.

Tangu nipate akili, mezani kwa mama palikuwa na kitabu cha wageni. Ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada gumu, mgongo mwekundu, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako, chumba, sahihi. Asiyejua kuandika alitia dole gumba, na mama alikuwa na kidau cha wino kwa kazi hiyo. Asubuhi alikuja askari, mara nyingine askari kanzu aliyejifanya anaulizia chumba, akapitisha kidole kwenye majina. Nilimwambia yule mzee: kwenu sheria iliuliza mji kama una kitanda, kwetu sheria ilimuuliza mgeni kabila lake. Alikaa kimya, akasema hilo ataliandika. Sijui kama aliliandika.

Ninavyo vitabu saba, kuanzia 1963 hadi 1986, vyenye mapengo. Vilikuwa kumi. Nitaeleza vitatu vilikokwenda.

Ukisoma vitabu hivi unaona mambo ambayo hayamo kwenye picha za hoteli zenu. Kwenye safu ya kabila, baada ya Uhuru, watu walianza ukaidi. Mmoja kaandika Mtanganyika. Mwaka 1968 wameshakuwa wengi wanaoandika Mtanzania, na kijana mmoja wa shule kaandika Mtu. Pembeni ya hilo Mtu kuna maandishi ya askari kwa kalamu nyekundu: arekebishe. Hakurekebisha. Kwenye safu ya kazi, tangu mwisho wa 1967, linaanza kujirudia neno Jumuiya. Hao ni makarani na madereva wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Arusha, Wakenya na Waganda wenye viatu vilivyong'aa na desturi ya kudai risiti. Mama alinunua kitabu cha risiti kwa ajili yao. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha ya zaidi ya shilingi laki moja, mama alilala siku mbili bila usingizi, mpaka mjumbe alipomcheka: nyumba yako ya miti na udongo, mama, haifiki hata robo.

Lakini ukurasa ninaoupenda ni wa Februari 1977. Siku hiyo wageni ni kumi na mmoja, na sita kati yao safu ya aendako imeandikwa Mombasa, maana kutoka hapa unapita Himo, Taveta, Voi, umefika. Kesho yake majina ni yale yale. Kesho kutwa ni yale yale tena, na mama amechoka kuyanakili, ameweka mabano marefu upande wa kushoto na kuandika: wapo. Siku ya nne, kwenye safu ya aendako, mkono wake wa kulalia kulia umeandika maneno matatu: mpaka umefungwa, Himo. Hapakuwa na safu nyingine ya kuyaweka. Mmoja wa wale sita alikuwa mwanamke wa Kitaita mwenye magunia manne ya vitunguu. Vitunguu vilianza kunuka siku ya tano. Mama akanunua gunia moja na nusu, majirani wakachukua vilivyobaki, na mtaa mzima tulikula mchuzi wa vitunguu mpaka leo nikisikia harufu yake jikoni namkumbuka mama yule. Alirudi kwao kwa njia za porini, hiyo siandiki. Baada ya ukurasa huo neno Mombasa halionekani tena kitabu kizima, wala kinachofuata. Linarudi mwisho wa 1983, wakati mpaka ulipofunguliwa tena, na aliyelirudisha ni fundi cherehani aliyebeba kichwa cha cherehani ndani ya blanketi. Kwenye safu ya sahihi amechora tabasamu.

Hiyo miaka ya katikati naipita haraka. Sabuni hakuna, shuka hakuna, mgeni anakuja na sukari yake kwenye karatasi na anatuchungulia tukimpikia chai. Wenye umri wangu wanakumbuka, na wasiokuwepo hawataamini.

Sasa vile vitatu. Mama alifariki, nikavifunga vitabu kumi kwa kamba ya katani, nikavipeleka kwenye ofisi moja, siitaji, ambayo kazi yake ni mambo ya kale. Nilipokelewa na kijana mwenye tai. Akafungua kimoja, akapiga chafya, akauliza kama sina kitu chochote cha Mjerumani. Kisu, kengele, picha ya boma, chochote. Nikamwambia Mjerumani hakulala kwetu. Akasema basi viache, tutaviangalia. Nilirudi baada ya wiki mbili nikavikuta sakafuni chini ya dirisha bovu, masika yameshaanza, na kile cha chini kimevimba kama maiti. Nikavibeba tisa nikarudi navyo. Hicho ni kimoja.

Viwili vingine vililiwa na nyumba. Mtoto wa dada yangu, alikuwa na njaa ya hela, aliviuza kwa kilo. Sikujua mpaka asubuhi moja niliponunua vitumbua kwa mama wa kona, akanifungia kwenye karatasi. Nilipofika nyumbani nikakunjua. Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi ikawa kama kioo, na katikati ya mafuta nikauona mkono wa mama, ule wa kulalia kulia, na safu nane. Vitumbua vilipoa. Nilirudi mbio kwa yule mama, akanipa alizobaki nazo, kurasa kumi na nne, na akakataa hela. Alisema alidhani ni daftari la shule.

Kwa hiyo, Mhariri, maombi yangu ni mawili. La kwanza ni dogo: sahihisheni ile sentensi. La pili linawahusu wasomaji wako. Barabara hii kutoka Same, Mwanga, Himo, Moshi, Boma Ng'ombe, Usa hadi Arusha ina gesti za zamani, nyingine zimefungwa, nyingine wamerithi watoto ambao wanatumia simu kuandikisha wageni. Vitabu vya wazee wao viko juu ya kabati au chini ya kitanda au tayari viko kwa mama vitumbua. Vitafuteni wiki hii. Msivipeleke popote kabla hamjaona vitawekwa kwenye rafu gani na kama dirisha lake linafungika. Kama kuna mwalimu wa historia mwenye wanafunzi wavumilivu, wanafunzi hao waje wanakili. Kwangu waje mchana, baada ya Alasiri nina wajukuu. Mwandishi wenu naye anakaribishwa. Nitampa chai ya hoteli, kwa maana yetu sisi.

Akija nitamwonyesha pia ukurasa wa vitumbua. Nimeubandika kwenye kadibodi na mafuta yake. Kuna mgeni mmoja wa Agosti 1972, kazi fundi saa, atokako Korogwe, aendako Babati, chumba ukumbini. Kwenye safu ya sahihi mama ameandika: amelipa nusu, nusu akirudi. Hesabu hiyo bado iko wazi.

Mama Gesti,
Majengo, Moshi